UZI MAALUMU: Mashindano ya uandishi wa Kiswahili. Wapi upeleke nini, na kwa nini kazi nyingi hutupwa kabla ya kusomwa

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kila msimu wa tuzo maswali huwa yaleyale, na majibu yanapotea kwenye nyuzi za "hongera mshindi". Naweka pamoja yale ya msingi. Wenye nyongeza karibuni, wenye kupinga pia.

Watu wengi wanaanza kwa kuangalia zawadi. Anza na jambo jingine: kazi yako imeshaonekana wapi? Jibu lake ndilo linaloamua milango ipi ipo wazi. Mswada ambao haujatoka popote unaweza kwenda karibu kila mahali. Ulioshatoka kitabu una mahali pachache. Uliomwagwa mtandaoni vipande vipande ndio wenye kesi ngumu kuliko yote.

Mtanzania mwenye mswada ambao haujachapishwa: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, na tarehe hiyo si ya bahati, ndiyo aliyozaliwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye nyanja zikaongezwa. Zawadi zilizotangazwa kwa kila nyanja ni shilingi milioni 10 kwa wa kwanza, milioni 7 kwa wa pili na milioni 5 kwa wa tatu. Kikubwa kuliko fedha, kwa maoni yangu, ni kwamba mswada wa mshindi wa kwanza huchapwa na kusambazwa shuleni na maktaba. Atakayeshindana hapa akumbuke hilo anapoandika: msomaji wake wa mwisho anaweza kuwa mwanafunzi. Matukio ya chumbani yaliyoelezwa kinagaubaga hayatakusaidia hata kidogo.

Mwandishi wa Kiswahili wa popote: Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili ya Afrika. Ilianzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi ikiitwa Mabati-Cornell. Fungu lake ni dola 15,000: dola 5,000 kwa bunilizi (hadithi za kubuni) bora, 5,000 kwa ushairi bora, halafu 3,000 na 2,000 kwa washindi wa pili na wa tatu. Inapokea miswada na pia vitabu vilivyotoka ndani ya miaka miwili kabla ya tuzo. Miswada inayoshinda imekuwa ikichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam au East African Educational Publishers wa Nairobi. Urefu ndio unaowaangusha wengi. Matangazo yake yamekuwa yakitaka maneno yasiyopungua 50,000 kwa bunilizi na kurasa zisizopungua 60 kwa ushairi.

Fanya hesabu kabla hujajipa moyo. Ukurasa wa kawaida unabeba maneno 300 hivi, kwa hiyo 50,000 ni kurasa 167. Ukiandika maneno 500 kwa siku bila kuruka, unahitaji siku 100 za rasimu ya kwanza peke yake. Na Kiswahili kinabana: "hatukuwaambia" ni neno moja ambalo Kiingereza kingelitawanya manne au matano. Maneno 50,000 ya Kiswahili ni hadithi ndefu kweli. Mswada wa maneno 31,000 usiujaze maji ili ufike. Hiyo ni novela, riwaya fupi, itafutie mahali pake.

Hadithi fupi: Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Wengi hawajui kwamba inapokea Kiswahili. Maneno 2,000 hadi 5,000, hadithi moja kwa mtu, umri kuanzia miaka 18, hakuna ada. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, wa jumla pauni 5,000. Kwa miaka mingi dirisha limekuwa likifunguliwa mwanzoni mwa Septemba na kufungwa 1 Novemba. Hadithi ya Kiswahili husomwa kwanza na wasomaji wa Kiswahili. Ikifika mbali ndipo inatafsiriwa ili majaji wote waisome. Kwa hiyo usijitafsirie mwenyewe Kiingereza kibovu ukidhani unajiongezea nafasi.

Kitabu kilichochapishwa, mwandishi Mkenya: Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, chini ya Chama cha Wachapishaji Kenya, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Ina upande wa Kiswahili na wa Kiingereza. Hapa anayewasilisha ni mchapishaji, si wewe.

---

Mlalo Juu

Mkuu asante kwa madini. Swali: hadithi niliyoirusha Facebook sehemu ya 1 hadi ya 12 halafu nikaifuta yote, hiyo bado inahesabika "haijachapishwa"?

---

Mhariri Mkorofi

Mlalo Juu, kwa Jumuiya ya Madola hesabu imeshaharibika. Kanuni zao zinataja wazi blogu binafsi na mitandao ya kijamii. Kufuta hakurudishi ubikira. Wasomaji wamekopi, makundi mengine yamerusha upya, mara nyingi bila jina lako au kwa jina la mtu mwingine. Waandaaji wakitafuta sentensi mbili tatu za ndani mtandaoni, inaibuka, na huenda ikaibuka wewe ukionekana ndiye mwizi.

Kuwapa marafiki watatu au wanne waisome na kukukosoa ni jambo jingine, huko si kuchapisha. Lakini chaneli ya WhatsApp yenye wafuasi 2,000 si "marafiki wachache", tusidanganyane.

Mwenye kutaka wasomaji wa mtandaoni na tuzo pia, atenge kazi mbili tangu mwanzo. Moja ya kulisha ukurasa, nyingine ya kabatini. Hiyo ya kabatini hata aya moja usiichungulishe.

Kosa jingine la jamii hiyohiyo: mtu ana mswada mzuri, anakimbilia kuchapa nakala 100 kwa fedha yake na kuchukua ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu (Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya ni huduma ya maktaba ya taifa), kisha anataka kuingia shindano la miswada. ISBN ni cheti cha kuzaliwa. Ukishakitoa, mswada si mimba tena.

---

Bi Nuru wa Mwambao

Assalam aleikum wanangu. Niseme kidogo juu ya ushairi, maana huko ndiko ninakoona watu wakianguka kwa jambo la dakika tano.

Ukituma shairi la arudhi, yaani la kufuata kanuni za vina na mizani, majaji watahesabu mizani, silabi za kila mstari. Si labda, watahesabu. Mfano, mtu kaandika:

*Mtunzi usikimbilie, siku ya mwisho kutuma*

Ukiuliza, atakwambia ni nane kwa nane. Hesabu: m-tu-nzi ni tatu, u-si-ki-mbi-li-e ni sita. Tisa! Ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mstari, una moja ya ziada. Kosa limetokea wapi? Kaihesabu "mtunzi" kuwa mbili, mtu-nzi. Hiyo "m" ya mwanzo hapa ni silabi kamili, ina pumzi yake. Dawa yake ndogo:

*Mtunzi sikimbilie, siku ya mwisho kutuma*

Sasa ni nane: m-tu-nzi, si-ki-mbi-li-e. Utao nao, kipande cha pili: si-ku, ya, mwi-sho, ku-tu-ma, nane. "Mwi" ni moja kwa sababu "mw" imeungana na irabu. Vivyo hivyo "nchi" ni mbili, n-chi, ila "ndege" ni mbili pia, nde-ge, kwa kuwa "nd" humezwa pamoja. Neno likiwa fupi la silabi moja baada ya "n", hiyo "n" husimama peke yake. Soma kwa sauti huku ukipiga vidole mezani, sikio litakuonyesha.

Jingine ni vina. Mtu analeta tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ya beti 12, beti nane za mwanzo vina safi, beti ya tisa kina cha kati kimebadilika bila sababu. Ukiamua kubadili vina kila ubeti, badili kila ubeti. Ukiamua mtiririko, yaani vina vilevile kila ubeti, tiririka mpaka mwisho. Jaji hakasirishwi na uamuzi wako, hukasirishwa na kuona hukuamua. Na msiokote maneno ya kale mnayoyasoma kamusini tu ili kina kitoshe. "Ngwena" ukiiweka, hakikisha ubeti unamhitaji mamba.

---

Gurudumu

Shikamoo Bi Nuru. Kwa heshima, hivi bado tupo kwenye mizani tu? Mashairi huru hayana nafasi?

---

Bi Nuru wa Mwambao

Marahaba mwanangu. Yana nafasi, na diwani (vitabu vya mashairi) za aina zote mbili hushindanishwa pamoja. Ila shairi huru si insha iliyokatwakatwa mistari. Jaribu hivi: liandike shairi lako kwa aya, kama barua. Likisomeka vilevile bila kupungukiwa chochote, basi lilikuwa barua.

Na diwani ya kurasa 60 isiwe rundo. Mashairi ya mapenzi 20, ya sifa za viongozi 10, ya maombolezo ya jirani 5, yamepangwa kwa tarehe ya kuandikwa! Panga yasemezane. Toa hata lile ulilopenda kama linakaa peke yake.

---

Mhariri Mkorofi

Naongezea upande wa mswada wenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa kifo cha kizembe.

Mashindano mengi husoma bila kujua mwandishi. Jina lako likionekana ndani ya faili, umetoka. Watu wanaliondoa ukurasa wa kwanza na kulisahau juu ya kila ukurasa, kwenye shukrani ("namshukuru mume wangu fulani") au kwenye jina la faili lenyewe. Na kuna jina lililojificha: kompyuta huandika mwenye mashine ndani ya sifa za faili. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa, ingia kwenye maelezo, chini kabisa kuna sehemu ya kuondoa taarifa binafsi. Ukiandikia stesheneri ya mtaani, jina litakalotokea huenda ni la mwenye stesheneri. Nalo liondoe.

Wanaoandika kwa simu, na ndio wengi: zima ule usahihishaji wa Kiingereza kabla hujaandika mstari wa kwanza. Vinginevyo "hata" itageuka "hate" na "sana" itakuwa "Santa", na jicho lako halitaona kwa sababu linajua ulichokusudia. Waliokuwa wakijitumia vipande WhatsApp kama akiba, mkivirudisha kwenye faili mnakuja na tarehe, saa na jina la mtumaji katikati ya mazungumzo ya wahusika. Pia mistari inakatika ovyo. Hamishia kila kitu kwenye faili moja mapema, siyo usiku wa mwisho.

Umbo: fonti ya kawaida ukubwa wa 12, nafasi ya mstari na nusu au mbili, namba za kurasa. Tangazo likitaja kingine, fuata tangazo. Hakuna picha ya machweo kwenye jalada. Hakuna dua.

Tahajia nazo: "kua" badala ya "kuwa", "ivyo" badala ya "hivyo", "uyu" badala ya "huyu", "ili" na "hili" kubadilishana viti. Moja mbili jaji atavumilia. Zikiwa tano ukurasa wa kwanza, anaanza kukusoma kama mwalimu anayesahihisha daftari, na ukifika hapo hadithi yako haina bahati tena. Mhusika akizungumza Kiswahili cha mtaani mwache azungumze. Msimulizi wako ndiye anayepimwa.

---

Kisanga wa Katanga

Jambo kwenu wote. Sisi wa Kongo tunaruhusiwa wapi? Na Kiswahili chetu cha Lubumbashi, watatusahihisha?

---

Kalamu Kavu

Karibu sana ndugu. Jumuiya ya Madola haikuhusu kwa uraia: Kongo na Burundi hazimo. Rwanda imo tangu 2009, pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Kinachoangaliwa ni uraia, siyo makazi, kwa hiyo Mkenya aliyepo Muscat au Minneapolis anashiriki. Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani amepoteza wa Tanzania, basi huko katoka. Aliyechukua wa Uingereza au Kanada bado yumo, maana nchi hizo ni wanachama.

Safal-Cornell ndiyo mlango wako. Kuhusu lugha, mazungumzo ya wahusika wa Lubumbashi yakisikika Kilubumbashi ni utajiri. Msimulizi mpe lahaja moja na umshike hapohapo. Kinachochosha ni usimulizi unaoanza Kiswahili sanifu, ukahamia Kilubumbashi ukurasa wa 10, ukarudi sanifu ukurasa wa 14, bila sababu yoyote ndani ya hadithi.

---

Mama Tumaini TZ

Jamani na hizi za "lipia elfu 20 kushiriki, washindi 50 watachapishwa kwenye kitabu cha pamoja" vipi?

---

Mhariri Mkorofi

Dada, washindi 50 ni wateja 50. Angalia sharti la kununua nakala: kila "mshindi" anatakiwa kuchukua nakala tano au kumi za kitabu chenye hadithi yake. Hapo biashara imeshakamilika bila msomaji hata mmoja wa nje.

Siyo kila ada ni utapeli, ila uliza vitu hivi kabla ya kutuma hela: majaji ni nani na wametajwa kwa majina? Washindi waliopita vitabu vyao vinapatikana duka gani? Haki inabaki kwa nani? Kipengele cha haki kisome mara mbili. Kumpa mwandaaji ruhusa ya kuchapisha kazi iliyoshinda ni kawaida. Kumpa haki zote za kazi zote zilizotumwa, hata zilizoshindwa, ni kumwachia nyumba kwa sababu ya kuuliza bei ya chumba. Ukitaka kusajili kazi yako kwanza, Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO, ndizo ofisi za hakimiliki.

---

Gurudumu

@Mhariri mimi naona unakaza sana. Wengine wanataka tu jina lao lionekane kitabuni.

---

Mhariri Mkorofi

Hilo halina tatizo, ila liite kwa jina lake: umenunua ukurasa. Usiandike "mshindi" kwenye wasifu, anayejua atakucheka.

---

Pwani Moja

Nimeona hakuna aliyegusa matukio yenyewe. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi hufanyika kila Septemba pale Sarit Centre, Westlands. Wachapishaji wamejaa, lakini waliokaa kwenye meza wengi ni watu wa mauzo, siyo wahariri. Kuwabwagia mswada wa kurasa 200 ni kuwapa mzigo wa kubeba jioni. Nenda na ukurasa mmoja: jina la kazi, aina, idadi ya maneno, muhtasari wa aya moja unaosema mpaka mwisho unavyoisha (mhariri si mtazamaji wa sinema, usimfiche), na namba yako. Uliza jina la mhariri wa Kiswahili na anuani ya kupokea miswada. Umemaliza, nenda kanunue vitabu vyao uone wanachapisha nini.

Kwa anayelenga Jomo Kenyatta, hesabu kurudi nyuma. Kitabu lazima kiwe kimetoka ndani ya kipindi kinachoshindaniwa, na mchapishaji anaweza kukaa na mswada mwaka mzima na zaidi. Ukisubiri tangazo la tuzo ndipo upeleke mswada, unashindania awamu inayofuata au ile ya baada yake.

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, nayo isikupite. Sherehe za Jumuiya ya Afrika Mashariki huhama, 2023 zilikuwa Kampala na 2024 Mombasa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ndiyo ya kufuatilia. Shule, vyuo na mabaraza huandaa mashindano madogo ya mashairi na insha kipindi hicho. Zawadi si kubwa, ila washindani ni wachache na unajifunza kufuata tangazo.

---

Mlalo Juu

Saa ya mwisho nayo inachanganya. Ikiandikwa 23:59 GMT kwetu ni saa ngapi?

---

Pwani Moja

Ni saa 8:59 usiku kwetu, sisi tupo mbele saa tatu. Ila tangazo la nyumbani likisema "saa 12:00" piga simu uulize. Kuna anayemaanisha saa sita mchana na anayemaanisha jioni jua likizama, na tofauti yake ni saa sita nzima. Tuma siku tatu kabla, hutahitaji kujua.

---

Mama Tumaini TZ

Swali la mwisho kwangu. Hadithi ina maneno 5,400 na kikomo ni 5,000. Nikate tukio moja zima au nipunguze kidogokidogo?

---

Mhariri Mkorofi

Punguza kwanza, kabla hujagusa tukio. Maneno 400 katika 5,400 mara nyingi yapo kwenye mafuta. Chukua hii:

*"Alikuwa ni mtu ambaye alikuwa anapenda sana kuamka mapema asubuhi kila siku."*

Maneno 12. Kiswahili kina kitenzi chake:

*"Alidamka kila siku."*

Matatu. Au hii: *"Baada ya kuwa amemaliza kula chakula aliweza kuondoka."* Manane. *"Alipokwisha kula akaondoka."* Matatu. Winda "aliweza ku-" isiyo na uwezo wowote ndani yake, "kwa kusema kwamba" baada ya "akamwambia", "ambaye alikuwa", "kitendo cha", "hali ya". Kazi ya jioni moja. Zikibaki 150 za ziada baada ya hapo, angalia aya ya kwanza na ya mwisho. Aya ya kwanza mara nyingi ni mwandishi anakohoa kabla ya kuanza kusema, na ya mwisho anaeleza alichokwisha kusema.

Na ukifika 4,950 simama. Usiende hadi 5,000 kamili, kwa sababu vihesabio havikubaliani. Kama unaanza mazungumzo kwa kistari chenye nafasi baada yake, Word huhesabu kila kistari kuwa neno. Hadithi yenye mistari 60 ya mazungumzo imejiongezea 60 bila wewe kujua. Tumia alama za kunukuu, halafu hesabu upya.